Mtaliano wa Ujiji

Mume wangu Mudathir hajawahi kuiona Italia, na pasipoti hana. Jina la Mtaliano alilipata mwaka 1982, wiki ileile redio ilipotangaza kwamba mshambuliaji mmoja wa Italia ameifunga Brazili mabao matatu peke yake kwenye Kombe la Dunia. Jumapili yake Mudathir naye akafunga matatu kwenye uwanja wetu wa vumbi, na watu wa Ujiji, ambao hawachelewi kumbandika mtu jina, wakambeba mabegani mpaka mtaa wa Mwanga wakiimba "Mtaliano! Mtaliano!" Mimi nilikuwa msichana wa kushona vifungo pale sokoni. Nilimwona akipita juu ya vichwa vya watu, kaptura imechanika nyuma, nikajisemea huyu anahitaji fundi. Mwaka uliofuata akanioa.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mpira siuchukii. Wanaonitia kinyaa ni wenye mpira.

Alikuwa mshambuliaji mvivu, na nina haki ya kusema kwa sababu ni mume wangu. Alisimama karibu na goli la wenzake kama mtu anayesubiri chenji dukani, watu wakimtukana, kisha mpira ukimgusa tu mguu, tayari uko wavuni. Mguu wenyewe ulikuwa mmoja, wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa kupandia baiskeli. Alicheza hivyo miaka michache, klabu yetu ya Mwambao ikapata jina mkoani, halafu goti lake likavunjikia kwenye jiwe ambalo kila mtu alilijua pale uwanjani na hakuna aliyejisumbua kuling'oa. Viongozi wa klabu walikuja kumjulia hali mara moja tu. Walikunywa chai yangu, wakampa pole, na walipoondoka wakachukua viatu vyake vya mpira ili avivae atakayeingia nafasi yake. Mguu ulikuwa bado umefungwa bandeji.

Akageuka kocha. Mchana alichonga na kuziba mitumbwi ufukweni Kibirizi, jioni akavaa filimbi. Yeye ambaye hakuwahi kukimbia aliwakimbiza vijana wa watu mpaka watapike, na aliyejaribu kusimama karibu na goli akisubiri mpira alipigiwa kelele mpaka aone haya. Nikimcheka ananiambia, "Mama Shadya, ningekuwa na kocha kama mimi ningefika mbali." Nilimwachia furaha yake.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa Mwinshehe, mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa kanzu safi na maneno matamu. Huyu ndiye aliyeunda kamati ya ufundi. Jina lisikudanganye, hakukuwa na fundi hata mmoja ndani yake. Kazi ya kamati ile ilikuwa waganga. Jezi nilizozishona mimi kwa cherehani yangu zilikwenda kulala huko wanakokujua wenyewe, zikarudi zimepakwa mafuta ya mbuzi na mayai yaliyooza, na amri kwamba zisiguswe na maji mpaka mechi iishe. Nilizifua. Kila mara nilizifua kwa sabuni ya mche huku nimeziba pua kwa khanga, nikaziweka juani, nikazirudisha zimekunjwa. Timu ikashinda, wakamsifu mganga. Mudathir alipowaambia wanaume wazima waache uchafu ule, Mwinshehe alimwita mjuaji. Tangu siku hiyo alimwekea kisasi.

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi. Boti zilishusha watu kutoka Burundi, na baadaye kutoka Kongo, wamebeba magodoro na masufuria na wengine hawakubeba kitu. Mji wetu ulilalamika asubuhi hadi jioni kwamba wakimbizi wamejaa, wakati huohuo mji ukiwabebesha magunia yake na kuwalimisha mashamba yake. Wengi walipelekwa kambini upande wa Kasulu. Wengine walibaki mjini kwa sababu walikuwa na faida kwa mtu.

Bonifasi alikuwa mmoja wao, kijana wa Kirundi mwenye mabega mapana, anayebeba magunia Kibirizi. Mudathir alimwona akipiga limau lililooza lisiguse chini, kwa kushoto, huku gunia liko mgongoni. Jioni alimleta nyumbani. "Shikamoo, Mama," akanisalimia, akala ugali wangu kimya kimya, kisha akashukuru kwa Kirundi, "Murakoze, Mama," akaosha sahani bila kuambiwa. Tangu siku hiyo akawa analala chumba cha uani.

Mwinshehe alipomwona akicheza mara moja tu, macho yalimng'aa. Alimpa jina papo hapo, Musa Abeid, akatangaza kwamba ni mpwa wake kutoka kijiji cha Mwamgongo. Alimshika mkono msikitini, alimtembeza sokoni, "huyu mtoto wa dada yangu." Dada mwenyewe hana. Kila mtu alijua na kila mtu alikenua meno, kwa sababu Musa alikuwa anafunga. Mimi nikamshonea jezi namba tisa, mabega nikayapanua.

Mudathir peke yake ndiye aliyekuwa hatosheki. "Bonifasi, na huo mguu wa kulia ni wa kupandia baiskeli?" Akamweka ukutani kila jioni kupiga kwa kulia. "Ego, Kocha," Bonifasi anaitikia ndiyo kwa Kirundi, na mpira unakwenda kwa jirani.

Mwaka 1997 tulichukua kombe la mkoa, mabao mawili, yote ya Musa. Jumapili iliyofuata Mwinshehe alifanya karamu nyumbani kwake. Kombe lilikaa mezani katikati ya sinia za pilau, wachezaji wamevaa jezi, na sisi wanawake tuko uani na masufuria. Siku hizo amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi wote walio nje ya kambi wakusanywe, na lori la askari lilikuwa likipita mitaani. Lilisimama mlangoni. Nani alilielekeza pale sijui mpaka leo, ingawa nina mtu wangu moyoni.

Mkubwa wao aliingia, akamnyooshea Bonifasi kidole. "Huyu ni nani?"

Nilisimama na upawa mkononi. Neno moja tu lilihitajika. Pale walikaa kamati nzima, wachezaji wenzake, jirani zetu, watu waliombeba mabegani Jumapili iliyopita. Kila mmoja aliinamia sinia yake.

"Mwenye nyumba, huyu ni nani?"

"Simjui," akasema Mwinshehe. Mchuzi ulikuwa unamtiririka kidevuni. "Labda kavutwa na harufu ya pilau."

"Mbona amevaa jezi ya timu yako?"

"Jezi zetu huanikwa nje kwa Mama Shadya. Mtu yeyote anaweza kuiba."

Mudathir alikuwa ameshasimama, goti lake linalia. "Ni mchezaji wangu," akasema. "Analala kwangu, anakula kwangu. Ninamjua."

"Na wewe kwenu wapi?"

"Hapahapa Ujiji."

"Babu yako alizaliwa wapi?"

Mume wangu hajui kudanganya. "Ng'ambo ya ziwa. Kongo."

"Panda na wewe."

Babu wa Mwinshehe alivuka ziwa hilohilo! Nusu ya waliokuwa wakitafuna pale, babu zao walivuka! Nilipiga kelele, "Mwinshehe, sema! Sema unamjua mume wangu!" Akafuta vidole kimoja kimoja, akaniambia kwa upole, "Shemeji, hayo ni mambo ya serikali." Lori liliondoka na mume wangu na Bonifasi. Nyuma yangu nikasikia mtu anaomba aongezewe nyama.

Aliyemtoa Mudathir ni Mwalimu Joanitha, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa kwetu kikazi, mgeni kuliko sisi wote. Alikwenda ofisi baada ya ofisi akisema baba wa mwanafunzi wake Shadya ni raia na yeye anamjua. Mudathir akarudi na chawa na macho mekundu. Bonifasi hakurudi, alibaki kambini. "Kule kuna vijana wanacheza pekupeku," Mudathir akaniambia, "na uwanja hauna mawe." Hakukanyaga tena Mwambao. Aliwaomba ruhusa wasimamizi wa kambi, na kila alipopata nafasi akapanda gari la mizigo kwenda kuwafundisha.

Mwinshehe alikuja kwangu miezi kadhaa baadaye. Nilikuwa nafua. Nilidhani amekuja kuomba radhi, nikajiandaa kuikataa.

"Mama Shadya," akasema, "ile jezi namba tisa haionekani, na seti haijakamilika."

Hakumuulizia Mudathir. Hakumuulizia Bonifasi. Aliulizia jezi. Nikakumbuka vile viatu vilivyoondoka na bandeji ikiwa bado mguuni, nikalimwaga beseni zima la maji ya sabuni kwenye kanzu yake, kuanzia magotini kushuka.

"Jezi ipo kambini," nikamwambia. "Kaivue mwenyewe."

Mwaka uliofuata wasimamizi wa kambi waliandaa mechi ya kirafiki, wakaialika Mwambao kwa kuwa ndiyo yenye kombe. Mudathir alinichukua twende. Uwanja ulikuwa wa vumbi jekundu, watu wamejaa mpaka kwenye mistari. Mwinshehe alishuka garini na kamati yake, akapita mbele yetu kama anayepita mbele ya miti. Bonifasi aliingia amevaa jezi yangu, imepauka, namba tisa imetoka upande mmoja. Wachezaji wa Mwambao walimtazama, kisha wakatazama viatu vyao.

Hadi karibu na mwisho hakuna aliyefunga. Ndipo Bonifasi alipoupata mpira, akampiga chenga beki wa kwanza, akaelekea goli. Mwinshehe akaruka kutoka kwenye benchi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mkabeni Musa! Ana kushoto tu! Musa ana kushoto tu, mzibeni kushoto!"

Watu wa upande wote ule walimsikia. Mudathir aligeuka polepole.

"Kumbe unamjua, Mwenyekiti."

Mabeki walikuwa wameshamtii, wote wawili wamejaa upande wa kushoto. Bonifasi akauhamisha mpira, akaupiga kwa kulia, mguu wa baiskeli, chini kabisa, kipa hakuugusa.

Watu wa kambi waliingia uwanjani wote. Mimi nilibaki pale nilipokuwa, namtazama Mwinshehe anavyotafuta mahali pa kuweka macho yake. Nilitema mate mavumbini. Mume wangu alikuwa ameshageuka zamani, anampigia Bonifasi kelele arudi nafasi yake.