Kukauka Si Kupungua

Kila asubuhi, kabla ya kutia mguu sakafuni, Kageha alijifinya tumbo chini ya blanketi kama mtu anayepima parachichi sokoni. Halafu alisonya, akaamka.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, na unene wake ulikuwa fahari ya baba yake. Sukari ilipoleta neema, mzee Shitanda wa Shianda alijenga nyumba ya mabati, akanunua redio, akamnenepesha binti. Jumapili alimtanguliza kanisani, watu waone miwa ilichofanya. Ngazi za kanisa zilimwacha msichana akihema, mkono kifuani.

"Hiyo ndiyo afya," mzee alijigamba.

Afya gani hiyo, ya mtu kuchoka akiwa ameketi?

Ndipo klabu ya kampuni ya sukari ikatafuta mtu wa kantini. Meneja alitangaza kwamba kazi ni ya kijana mnene atakayepungua kilo nyingi kuliko wenzake, apigwe picha ya kutundikwa ukutani. Kageha hakujali picha. Mwenye kazi hupewa chumba kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, na hicho ndicho alichotaka: chumba ambamo baba yake hajazi sahani.

Mazoezi yalikuwa mikononi mwa Hezekiah, mtu ambaye hajawahi kukimbilia kitu isipokuwa soda ya bure.

"Mafuta hayabembelezwi!" alifoka. "Kimbieni mpaka mtapike!"

Walitapika. Patroba, mwana wa mwenye matrekta, alichomoka kama mwizi, akaanguka, akabebwa kwao, akala obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kutosha watu watatu, akalala mpaka kesho yake. Kageha magoti yalimvimba. Akaacha kiwanja, akaanza kutembea peke yake kila jioni kwenye barabara ya Mayoni, haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba, mpaka jua liiname.

Wakata miwa walimpigia kelele. "Weee! Mzigo unajipeleka kiwandani!"

"Dada, trekta yako imeharibikia wapi?"

"Imebeba mama yenu," alijibu bila kugeuka.

Miezi ilipita. Sketi zikaanza kumvuka, mapaja yakawa magumu, na asubuhi vidole vilitafuta cha kufinya.

Siku ya kupimwa, washindani na wazee wenye miwa, mzee Shitanda kati yao, walikusanyika kwenye stoo ya mbolea, penye mizani. Patroba alifika midomo imepauka. Tangu jana hakuwa amenywa maji, na mchana kutwa alikuwa amekimbia juani na sweta mbili, ndani amevaa gunia la plastiki. Mizani ikasema ameshuka kilo tano. Kageha, mbili.

Hezekiah alicheka mpaka akashika ukuta. "Kageha! Kumbe ulikuwa unatembeleanga watu tu!"

"Mwalimu, huyo hajapungua, amekauka. Mpe maji umpime tena."

"Mizani haidanganyi, mama."

Kageha akawageukia wazee. "Miwa yenu ikilala juani siku tatu kabla ya kubebwa, uzito si unashukanga? Sukari imeenda wapi?"

Walijua. Kila mavuno walilia habari hiyo, wakaitukana mizani ya kiwanda na mama yake. Leo waliitazama mizani ya mbolea kama madhabahu, wakatikisa vichwa. Patroba alikuwa tayari ameinamia ndoo, akinywa kama ndama, maji yakimtiririka kidevuni, na Hezekiah akampa mkono wa pongezi: kazi imekuwa yake.

"Twende nyumbani ukule," mzee Shitanda akamnong'oneza binti. "Umebaki mifupa, watu watasema miwa imenishinda."

Kageha alimtazama baba, akamtazama mwalimu, akawatazama wazee wote waliosimama pale na vitambi vyao na woga wao. Hakuona mtu wa kumuaga.

Akatoka. Mzee alidhani anatangulia jikoni. Alipofika kwao hakukata kona. Aliipita nyumba ya mabati, akashika barabara ya Kakamega kwa mwendo wake wa kila jioni. Mama yake alimfunikia chakula mpaka kikapoa. Hakurudi siku ile, wala nyingine yoyote.