Sindano ya Mama na Motopompi ya Baba

Wenzangu mliokulia Kavimvira, mliokuwa mnaoga ziwani na kurudi nyumbani wachafu kuliko mlivyotoka, ninyi mtanielewa. Kabla motopompi haijafika kwetu, pompi tulikuwa sisi. Kila alfajiri, mimi na dada zangu tulibeba maji kutoka ziwani hadi kwenye bustani ya nyanya ya Mama, ndoo kichwani, mchanga hadi magotini, harufu ya dagaa wetu, ndagala, walioanikwa ufukweni ikitufuata mpaka darasani. Mwalimu alikuwa anatutambua watoto wa bustani kwa shingo: zilikuwa zimezama mabegani kama za kobe.

Siku moja Mama akakubali kutoa mbuzi wake wawili, aliopewa na wazazi wake kule Rurambo. Baba akaondoka nao, akarudi na motopompi kuukuu, yenye kutu zaidi kuliko rangi. Alizunguka nayo mtaani mchana kutwa kama mtu aliyeoa mke wa pili.

"Baba Furaha," Mama akamwambia, "mbuzi zangu zilikuwa zinazaa. Hii itazaa nini?"

"Nyanya," Baba akajibu, kifua mbele.

Wiki ya kwanza, kweli, ilifanya kazi. Tulikaa chini tukatazama maji yanatembea yenyewe, na mimi nikaanza kufika shuleni nikiwa mkavu. Kisha akaja mjomba Bahati, mdogo wake Mama, mvuvi, mtu asiyeweza kuona chombo bila kukishika. Akaisafisha mashine yote kwa sabuni na kitambaa, akaikagua juu na chini, akala bugali yetu, akajipongeza. Kesho yake ugonjwa ukaanza. Injini inawaka, inanguruma dakika kumi, inakohoa mara tatu, kimya.

Kilikuwa kiangazi na nyanya zimetoa maua. Ziwa zima liko pale mbele yetu, na nyanya zinakufa kiu! Mama alishika jani lililolegea, akamtazama Baba. "Hizi zikikauka, minye nataka mbuzi zangu. Hai. Na mimba zao."

Basi wanaume wakaingia kazini. Baba akafungua tanki kuona kama esanse ipo, akachomoa ile buji inayotoa cheche, akaifuta na shati lake la kanisani, akavuta kamba. Ikawaka! Akatucheka sote. Baada ya dakika kumi, kimya. Mjomba akasema hapana, esanse ya chupa za barabarani imechanganywa na maji. Akaimwaga yote, akatia nyingine. Ikawaka! Mjomba akacheza. Dakika kumi, kimya. Kila dawa ilifanya kazi, na kila daktari alikuwa na ushahidi, ndiyo maana hakuna aliyekubali kushindwa.

Jirani akasema hilo ni jicho la watu. Akaletwa mchungaji. Mchungaji akaamuru tanki lifunguliwe ili neno liingie, akaliombea mpaka koti likalowa, likafungwa, Baba akavuta kamba. Ikawaka! Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akaanza kueleza jinsi injini ya shetani inavyozimwa, lakini ya kwetu ikazimika kabla hajafika kwenye amina. Nilicheka. Nikapigwa kofi ambalo nalikumbuka vizuri kuliko mahubiri yenyewe.

Mama alikuwa ameketi pembeni na bidoni yake ya mawese, akipimia wateja.

"Kila mara munafungua kifuniko, inakubali," akasema. "Hii bidoni yangu, nikiitoboa tundu moja, mawese inagoma. Natoboa ya pili, hewa inaingia, mawese inatoka yenyewe. Muangalie kifuniko."

"Mama Furaha, weye shughulika na mawese," Baba akasema. "Hii ni injini. Iko na mambo yake."

Akamchukua mjomba, wakavuka mpaka kwenda kutafuta fundi wa Bujumbura. Siye tukarudia ndoo zetu.

Mama akaenda kwenye mwimo wa mlango wa nyumba. Akachomoa sindano aliyoshonea sare zetu, akafungua kifuniko cha tanki. Juu yake kulikuwa na tundu dogo, dogo kama jicho la ndagala, na limezibwa na kitu cheupe kigumu. Akachokoa. Akanusa. Sabuni. Akakiosha kifuniko, akakirudisha, akakaza kitenge kiunoni na kuvuta kamba. Mara ya kwanza nusura aanguke. Mara ya pili ikawaka.

Dakika kumi zikapita. Tukatua ndoo. Zikapita nyingine, na nyingine, maji yakafika hata mstari wa mwisho, ule ambao tulikuwa tumeshauzika moyoni. Mama akageuza ndoo, akaketi juu yake, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na niliogopa kuliko siku ya kofi.

Alasiri wakarudi na fundi, viatu vinang'aa, mfuko umejaa vyuma. Ikabidi aruke maji njiani. "Mugonjwa iko wapi?" akauliza. Mama akainua sindano, yenye chembe ya sabuni kwenye ncha. Sote tukamgeukia mjomba.

"Ilikuwa na tundu!" mjomba akapiga kelele. "Mu mutumbwi ukiona tundu unaziba na sabuni, unaendelea na safari. Mulitaka niache?"

Baba akaitazama sabuni, akamtazama fundi. "Minye nilikuwa nashuku kile kifuniko tangu mwanzo."

Mama alicheka mpaka kitenge kikafunguka.

Asante hakuipata kamwe. Lakini tangu siku hiyo, kila injini ilipozimika, hata kama esanse tu imeisha, Baba alisimama wima na kuita: "Mama Furaha, sindano!" Naye alikuja, akachokoa tundu ambalo halikuwa na kitu, akaichomeka tena kwenye mwimo wa mlango.

Leo mwanangu ana motopompi yake mpya, inang'aa. Ikizimika haigusi. Anaipiga video, anaituma kwenye telefoni, halafu anaketi kivulini kungoja ushauri wa watu wa Goma ambao nyanya wameiona kwenye sahani tu. Shingo zao nzuri, ndefu, hawa watoto. Hawajabeba chochote.

Mama tumeshamzika. Baba amezeeka, anakaa nyuma ya nyumba na kuchanganya majina ya wajukuu. Lakini injini ikizimika kule bustanini, kichwa kinainuka. "Mama Furaha, sindano!" Wajukuu wanacheka. Zamani nilikuwa namsahihisha: Baba, Mama hayupo. Jioni yake alikuwa hagusi chakula. Siku hizi naitika, "Ndiyo, nakuja," nachomoa sindano kwenye mwimo wa mlango, naenda bustanini.