Mpinzani wa Ukurasa wa Nne

Kila Jumatano gazeti la mji lilipotua kibarazani, Ardith Knutson hakuanza na bei ya mahindi. Alifungua ukurasa wa nne, wa barua za wasomaji, aone Delmar Voss kamsema vipi safari hii. Miaka kumi na mmoja mchezo ulikuwa huo. Ardith, mpishi mstaafu wa shule, aliwatazama wachambuzi wa habari wa kituo chake cha televisheni, akapandwa na jazba, akaandika. Delmar, fundi matrekta mstaafu, alitazama wa kituo kingine, akamjibu. Ushuru wa bidhaa za nje, bima ya afya, wahamiaji mpakani: hakuna sera ya Washington iliyopita kwenye mji ule mdogo wa Iowa bila hao wawili kuivua nguo. Ana kwa ana hawakusemezana. Wakikutana dukani, kila mtu alishika njia yake na kigari chake.

Basi Aprili ile barua ya Delmar haikutoka.

"Nimemfunga mdomo!" Ardith alimpigia simu dada yake, Verna. "Barua yangu ya ushuru imemkaa kooni."

"Hongera. Sasa pumzika, utupumzishe na sisi."

Apumzike wapi! Wiki ya pili kimya. Ya tatu akaamua kumchokoza: akamwandikia sifa mchambuzi mmoja wa televisheni ambaye Delmar humwita kasuku. Yeye mwenyewe hampendi mtu huyo, lakini alimpamba kama bwana harusi. Jumatano ikafika. Ukurasa wa nne ulikuwa na barua yake peke yake na tangazo la mbwa aliyepotea. Roho ikamruka. Akakimbilia ukurasa wa vifo, akapitisha kidole jina kwa jina. Delmar hakuwemo, lakini akaurudia ukurasa toka juu, tena kwa ajili ya mzee mkorofi kama yule!

Akaulizia kanisani, akaambiwa ni kiharusi, yuko nyumba ya wazee. Akabeba bakuli la tambi na samaki, akaenda.

Alimkuta kitini, mkono wa kulia umelala pajani.

"Alaa! Umekuja kuhakikisha nimekufa?"

"Nimekuja kuuliza mbona hujibu. Ushuru umekushinda?"

"Unishinde mimi? Jibu liko humu." Akagonga kichwa kwa mkono wa kushoto. "Mkono ndio umegoma. Na wauguzi wana kazi zao, siwezi kuwaomba waniandikie matusi." Machozi yakamlengalenga, akageukia dirishani. "Mimi basi tena, mama. Tafuta mwingine wa kugombana naye."

Ardith akavuta kiti, akatoa kalamu mkobani. "Haya, sema."

"Andika: Mama Knutson anaamini kila anachoambiwa na televisheni."

"Nimeandika. Endelea, mchokozi wewe."

Akaendelea nusu saa nzima, na Ardith akaandika huku meno ameyauma. Kisha Delmar akasema bei ya soya ilianguka kabla ya ushuru. Kalamu ikasimama. Ilianguka baada, na kila mkulima pale anajua. Kwa kosa hilo angemmaliza, mji mzima ucheke. Miaka yote hiyo alikuwa akiitafuta nafasi kama hiyo.

"Hapo umekosea, Delmar. Ilikuwa baada."

"Mbona unaniambia?"

"Sitaki kukushinda na hali yako hii."

Uso wa Delmar ukawaka. "Hali gani? Kichwa si kizima? Usinionee huruma hata siku moja! Andika nilivyosema, halafu unichane mbele za watu, kama kawaida yako."

Ardith akamtazama. Alikuwa Delmar yuleyule. Akaliandika kosa lilivyo.

Barua ikatoka Jumatano. Jumatano ya pili likatoka jibu la Ardith, na hakumbakizia hata mfupa. Asubuhi hiyohiyo Verna akapiga simu, kafura.

"Mgonjwa wa watu, Ardith! Wewe huna hata huruma?"

"Sina," Ardith alisema, akitafuta kalamu. "Na niache, nimechelewa. Ananingoja nikamwandikie jibu lake."