Kikirudi Kisafi, Hupewi Kingine

Nakataa. Nilikataa pale msibani Mazingara, Handeni, nikaambiwa nipunguze sauti, na hapa gazetini nakataa tena. Bwana mmoja, mkono bado una wali, alisema eti, "Mzee kasoma vitabu maisha yake yote, kafa na jembe lile lile. Vimemsaidia nini? Bora angeangalia televisheni kama sisi, angecheka kidogo." Watu wakacheka. Msibani! Nikasimama nimjibu kwa hoja, lakini mimi hasira zikinipanda maneno yanatoka vipande vipande, na shehe akaniashiria nikae. Nikakaa. Mzee wangu tumemzika Jumanne baada ya alasiri. Jibu nilirudi nalo Korogwe, limenikaa kooni, ndiyo maana leo nawabebesha nyinyi mnaosoma safu hii.

Nikisema mzee wangu, hatuna undugu. Yeye mkulima wa mahindi na ufuta, mimi fundi wa televisheni ambaye shule iliniacha mapema. Tulikutana siku nipo juu ya bati la jirani yake nafunga dishi, yeye yuko chini ananitazama. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Marahaba. Kazi hiyo kakufundisha nani?" Nikajibu kwa majivuno kwamba nimejifunza mwenyewe, nimeangalia video. "Enhe. Na ikiharibika kwa namna ambayo kwenye video haikuharibika?" Nikajifanya nakaza nati. Ukweli, ikifika hapo nilikuwa nagonga-gonga mpaka iwake, isipowaka namwambia mwenyewe kifaa kimekufa. Nilishuka nimevimba. Akanipeleka chumbani kwake, akachomoa kitabu cha umeme, akanipa. "Nenda nacho. Ila kikirudi kisafi, hupewi kingine." Nikadhani mzee anatania. Shuleni kwetu ukichora kitabu unachapwa. Basi nikakifunika kwa karatasi ya kaki, baada ya wiki tatu nikakirudisha kinang'aa. Akapekua kurasa, akanirudishia. "Hujakisoma, fundi. Umekiangalia kama televisheni. Usipoelewa, muulize mwandishi pale pembeni mwa ukurasa. Akikudanganya, mwambie pale pale." Nilimkasirikia njia nzima. Lakini nilinunua penseli.

Msije mkadhani mzee alikuwa anaabudu vitabu. Kuna mwaka televisheni ilileta kipindi cha kilimo, mtaalamu kavaa shati jeupe, anasema mvua ya kwanza ikigusa ardhi tu, panda. Kijiji karibu kizima kikapanda. Huko aliposimama yule mtaalamu huenda ni kweli, nyuma yake milima ilikuwa ya kijani tupu. Kwetu Handeni mvua ikanyesha siku mbili ikaaga, mahindi yakachungulia yakaungua. Mzee hakuwa ametia hata mbegu moja shambani. Wakaanza kunong'ona ana dawa. "Mbona hukutuambia?" jirani akamfokea. "Niliwaambia. Mlikuwa mnaangalia." Mimi nilipokwenda akanifungulia kitabu chake cha kilimo, na jamani, kitabu kilikuwa kinasema yale yale ya mtaalamu! Pembeni, kwa penseli iliyofifia, mzee ameandika: Nilifanya hivi, shamba lote likaungua. Kwetu ngoja mvua ya pili. "Kitabu nacho kinadanganya," akaniambia, "ila kimeacha nafasi ya kukijibu. Hiyo televisheni yenu ukiijibu inaendelea kusema tu." Vitabu vyake vyote vilikuwa hivyo. Ufuta ukiingia mdudu, mbegu ihifadhiwe vipi, bonde gani linatuamisha maji, miaka mingi ya makosa yake mwenyewe, kaandika pembeni ya maneno ya watu ambao hawakuwahi kuikanyaga Mazingara. Bwana wa msibani, hayo ndiyo yaliyomsaidia. Na wewe yangekusaidia.

Sasa nifike pale panaponishinda. Siku ya tatu, tanga lilipoanuliwa na vitu vya marehemu vikaanza kugawanywa, nilikuwa na neno moja tu: vitabu. Niliogopa vitaishia kufungia karanga. Nikaingia chumbani, nikakuta televisheni juu ya meza yake ya kusomea. Nikawaka. Nikamwambia binti yake, aliyetoka Hale kuja kumuuguza, "Dada, yaani mlimwekea hiki kitu? Mzee yule?" Hakupandisha sauti. Akasema, "Kaka, baba alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka wa pili huu. Mimi kusoma kwenyewe kwa kubahatisha, na kazi zote zangu. Hiyo unayoitukana ndiyo ilikaa naye. Alikuwa anabishana nayo mchana kutwa. Akichoka ananiuliza, yule fundi wa Korogwe hajaja? Ana macho yule, aje anisomee. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Korogwe. Nilisikia macho yanamsumbua nikasema nitakwenda baada ya Idi, halafu baada ya mavuno, halafu kazi zikiisha. Nilikuwa nafundisha vijana dukani mambo aliyonifundisha yeye, nasifiwa. Dada akanihurumia. "Vichukue, hakuna anayevitaka." Vilikuwa katika maboksi matatu chini ya kitanda. Nikavuta la kwanza, likaja jepesi kama limejaa pamba. Nikafungua. Majalada yapo, yamepangwa vizuri, ukishika moja linabonyea. Ndani vumbi la udongo tu. Mchwa waliingilia chini na hakuna aliyewasumbua, maana boksi lisipofunguliwa miaka miwili hilo ni lao. La pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Nilikaa sakafuni nachambua udongo kwa vidole, natafuta hata mstari mmoja wa penseli. Dada akaleta ufagio, akasimama nao mlangoni, hakufagia.

Nikiulizwa leo kuhusu mvua nitajibu, hilo moja nilibahatika kulisoma. Ya ufuta siyajui. Ya mbegu siyajui. Sina pa kwenda kuyauliza, na hasira zangu zote hizi hazirudishi ukurasa hata mmoja. Nimeishi nikigombana na televisheni, kumbe iliyofanya kazi yangu ni hiyo hiyo, ikaifanya vibaya, lakini ilikuwepo. Kitabu hakimfikii asiyeona bila mtu wa kukaa na kukisoma kwa sauti. Basi niambie wewe unayejisomea hapa bila shida: kwenu ni nani ambaye macho yamemwisha, na umemsomea lini?