Vitalu Sita vya Busiu

Nicanor Otiende alikuwa na kazi ambayo majirani zake wa Busiu hawakuielewa kamwe: aliajiriwa atazame pamba ikiugua, asiiguse. Zamani alikuwa kwenye kinu cha pamba cha Mahendra kule Jinja, akajua kutenga pamba safi na yenye madoa kwa kuitupia jicho tu. Chuo kikuu kilipotafuta mtu wa kukaa kwenye shamba la utafiti kando ya barabara ya Mbale kwenda Tororo, Mahendra akamtaja. Nicanor akahamia na mkewe, Orpah, katika nyumba ya bati pembeni mwa shamba.

Vitalu vilikuwa kumi na viwili. Sita vilipandwa mbegu iliyopakwa dawa, sita mbegu tupu. Hivi vya pili viliachwa viugue vipendavyo, ili baada ya misimu mitatu ijulikane dawa inafaa kiasi gani. Kila Jumatatu Nicanor alihesabu majani yenye madoa, akaandika daftarini. Wanawake waliopita na majembe walimcheka waziwazi: mwanamume mzima na nguvu zake, shamba limejaa ugonjwa!

Msimu wa tatu, mwaka 1956, Orpah alishikwa na homa. Nicanor akamfunika blanketi, akaenda kuhesabu majani. Siku ya nne Orpah akafa. Alimsafirisha kwao Kenya, akamzika, akakaa siku kumi na mbili akipokea pole bila kuzisikia. Hakulia. Wapo waliosema ana moyo mgumu, naye hakukasirika. Hakuona kama ana moyo wowote, mgumu wala laini.

Aliporudi, jirani yake Muzamiru alimpokea njiani.

"Pole sana, bwana. Sisi nalima yako yote. Wewe nazika mutu, shamba nangoja nani? Ile miti ya gonjwa sisi nang'oa, nachoma moto, sawa Bwana Shamba nasema kila siku."

Ndivyo walivyofanya mtu akifiwa: hawakuja kukaa tu, waliingia shambani kwake. Watu ishirini, siku mbili. Kwenye vile vitalu sita visivyo na dawa yalibaki mashina machache ya kijani yaliyosimama mbalimbali, na majivu. Nicanor alijua papo hapo kwamba utafiti umekufa, na kazi na nyumba vimekwenda nao. Akangoja uchungu uje. Haukuja.

"Asante," akasema, kwa sababu ndilo neno lililotakiwa.

Angeweza kubuni hesabu. Baada ya misimu miwili na nusu aliyajua madoa yale kama vidole vyake. Alikaa na penseli, lakini hata uongo unataka nguvu. Akaandika: hakuna mimea ya kuhesabu.

Ijumaa alifika Sukhdev, kijana wa Jinja aliyekuwa msaidizi wa watafiti wa chuo. Alitembea kutoka kitalu hadi kitalu, uso ukimwiva.

"Nani fanya hii? Taja majina. Chifu ataita wote."

"Ni mimi."

"Wewe? Miaka tatu wewe nafukuza hata kuku hapa!"

"Ni mimi, bwana. Nilikuwa na msiba."

Sukhdev alimtazama sana. Hakumwamini, na hakuuliza tena. Alichukua madaftari yote, akamwambia aiache nyumba kabla ya Jumatatu.

Jumapili Muzamiru alimkuta akifunga godoro kwa kamba, akashangaa. "Unahama? Na shamba naona safi namna hii?"

"Kazi imekwisha, ndugu yangu."

"Sisi naharibu kitu?"

Nicanor alitazama mikono ya yule mtu, yenye malengelenge yaliyoanza kukauka. Watu ishirini walikuwa wameona ugonjwa, wakainama wakaung'oa. Yeye alikuwa ameuona nyumbani mwake, akaenda kuhesabu majani.

"Hapana," akasema. "Hamkuharibu kitu."

Ndipo machozi yakamtoka. Muzamiru aliinama, akajitwika godoro, akatangulia kuelekea barabarani.