Beberu Ndani ya Kompyuta ya Mzee Wangu

Jumamosi. Mwende na wenzangu wa Matiliku,

Leo nimelilia mbuzi hapa mjini Kabati!

Kompyuta aliyoniachia marehemu mume wangu iliharibika motherboard, ule ubao wake mkuu wa ndani. Fundi akaweka nyingine, kisha akataka kufuta vya zamani na kuweka Windows upya.

"Usifute kitu," nikamwambia. "Iache vile mzee aliiacha."

"Mama Kioko, inaweza kukataa kuwaka."

"Jaribu kwanza."

Alama ya kuwaka ikazunguka, ikazunguka. Nikaomba kimoyomoyo.

"Lazima mzee aliweka picha yako kwa skrini," fundi akanitania.

Ikafunguka.

Beberu! Beberu wetu, akitafuna kofia ya mzee.

Nilicheka mpaka kilio kikanishika.

"Pole, mama," fundi akasema taratibu. "Huyo mbuzi alikufa lini?"

Beberu ni mzima, anakula nguo zangu nilizoanika kwa kamba. Mimi ndiye mnikumbuke kwa maombi kesho kanisani.