Mama Makofi na Ukumbi wa Vioo

Walimwita Mama Makofi, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo. Lakabu ilitokana na tabia yake. Kila alipoingia chumba asichokijua, iwe benki, iwe zahanati, iwe sebule ya wakwe zake, alisimama katikati, akapiga kofi moja kali, akainamisha kichwa kusikiliza kofi lile linavyokufa. Kisha akatoa hukumu. Vyumba vingi aliviona havifai, na waliovijenga aliwaona hawafai zaidi.

Kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kutengeneza vyumba ili watu wasikilizane ndani yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkono wa kulia wa mzee mmoja aliyejenga studio za redio, na mzee yule alimfundisha kupasua puto na kuhesabu sekunde mpaka mwangwi uishe, kuchagua mbao zenye matundu, kujaza pamba ya mawe, zile nyuzi za kunyonya mwangwi, nyuma ya dari, kujua kuta zipi zinameza sauti na zipi zinaitema. Mzee alipofariki, mwanamke akabaki na stoo, ngazi tatu, na dharau isiyo na kipimo kwa kila mtu anayejenga kwa macho tu.

"Wanajenga kama wanapamba keki," alikuwa akisema. "Wakishamaliza wanashangaa mbona hawaelewani."

Basi siku moja mdogo wake akampigia simu. Huyu alikuwa kitinda mimba wa kwao, msimamizi wa ujenzi, mtu mpole anayeogopa kila aliyevaa vizuri. Chama cha walimu kilikuwa kinajenga ukumbi wa mikutano, na yeye ndiye aliyesimamia mafundi.

"Dada, njoo uangalie kitu," alisema. "Lakini tafadhali, usije ukanitia aibu."

"Aibu unajitia mwenyewe, mimi nakuja kuangalia tu."

Alikuta jengo la mviringo, paa la kuba limeshapandishwa, vioo virefu vinafungwa kuzunguka ukuta mzima, na sakafu ya marumaru inang'arishwa mpaka unaona meno yako. Katikati alisimama mbunifu. Alikuwa mwanamume wa makamo, skafu shingoni kwenye joto la mchana, viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukanyaga zege bichi, kishikwambi mkononi kama sinia la harusi.

Mama Makofi hakusalimia kwanza. Alipiga kofi lake. Kofi likapanda kubani, likashuka, likazunguka, likapanda tena. Alihesabu mpaka sita.

"Huyu nani?" mbunifu akamuuliza msimamizi, kana kwamba mwanamke hayupo.

"Ni... ni fundi wa dari, bosi," mdogo mtu akajibu, macho chini. Hakusema ni dada yake.

Mama Makofi akalisikia hilo. Akaliweka moyoni.

"Sikiliza, baba," akamwambia mbunifu. "Hapa mtu akihutubia, neno la kwanza litakuwa bado linazunguka wakati la tano linatoka. Hawatasikia kitu. Na huu ukuta wako wa mviringo una ubaya mwingine. Mtu akinong'ona ameegemea kioo upande huu, sauti inatambaa na ukuta kama maji kwenye mfereji, inaibukia upande wa pili nzima nzima. Kwa hiyo hotuba haitasikika, na umbea utasikika. Weka mbao zenye matundu kule juu, vunja huu mviringo kwa mbavu za mbao, na zulia kwenye njia za kupita."

Mbunifu alitabasamu kama mtu anayesubiri mtoto amalize kusoma shairi.

"Mama, hili jengo lina dhana. Dhana yake ni uwazi. Kioo ni ukweli. Sasa wewe unataka nifunike ukweli kwa mbao za banda la kuku?"

Mafundi wakacheka. Mdogo wake naye akacheka, kidogo, kwa pembe ya mdomo, jinsi watu wanavyocheka wakiwa hawana la kufanya.

"Na ukweli wenyewe utasikikaje?" akauliza Mama Makofi.

"Kuna vipaza sauti."

"Kipaza sauti kitakuongezea kelele tu. Kwaheri."

Akaondoka. Hapo inabidi kusema jambo ambalo yeye mwenyewe hakupenda kulisema baadaye. Mwenyekiti wa chama cha walimu alikuwa anamfahamu. Namba yake ilikuwa kwenye simu. Angeweza kumpigia siku ileile, akamweleza, na mbao zikaingia kabla ya vioo kukamilika. Hakupiga. Aliwaona wote ni kundi moja la wapumbavu wanaong'ang'ania vitu vinavyong'aa, akasema moyoni, waache wakome. Kuna dharau inayomstarehesha mtu kuliko kazi, na yeye kwa miezi mitatu, mpaka ufunguzi, alistarehe.

Mdogo wake alipompigia tena kumwalika kwenye ufunguzi, sauti yake ilikuwa ya kubembeleza.

"Dada, njoo. Nimekuwekea kiti."

"Kama nani? Fundi wa dari?"

Mdogo wake akaanza kumtajia namba ya kiti.

"Nitakuja," dada akamkatiza. "Maigizo ya bure siyakosi."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walimu wa sasa, walimu wastaafu, wageni waheshimiwa, mashada ya maua ya plastiki, na mbunifu mwenyewe amevaa koti la rangi ya krimu, ameegemea kioo upande wa kushoto pamoja na rafiki yake mmoja, wanapigana picha. Mama Makofi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, amekunja mikono. Mwenyekiti alipoanza hotuba, yakatokea yaleyale. "Ndugu wageni" ikapanda kubani, ikarudi ikiwa "ndungu ageni geni eni", ikagongana na sentensi ya pili, ikawa kama watu kumi wanasukutua kwa pamoja. Fundi mitambo akaongeza sauti. Ikawa watu ishirini wanasukutua. Wageni wakaanza kutazamana, kisha kutazama simu zao, kisha kuongea wenyewe kwa wenyewe, na kelele zao nazo zikapanda kubani kujiunga na wenzao.

Mama Makofi alikuwa anatabasamu. Tabasamu likaisha pale alipoona aliyeitwa kutoa shukrani kwa niaba ya wastaafu.

Alikuwa mwalimu wake wa darasa la nne. Amezeeka, amekonda, ana fimbo, lakini ni yuleyule aliyemwekea kidole kwenye mstari na kumwambia, "Taratibu, soma unachokiona, usisome unachodhani." Bibi yule alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikuwa ameandika hotuba yake kwenye karatasi za daftari, kurasa nne. Akasoma. Hakuna aliyesikia hata neno. Watu wakaendelea kuongea. Akaacha kusoma, akawatazama kama anavyotazama darasa lenye fujo, akajaribu kuongeza sauti, na sauti ikakatika. Akakunja karatasi zake, zote nne, akarudi kwenye kiti chake kwenye safu ya wazee, kilichopangwa kandokando ya kioo upande wa kulia.

Watu walipoona ameshuka bila kumaliza, wakaona haya. Ukumbi ukanyamaza ghafla.

Na katika kimya kile ukuta ukasema. Sauti ya mwanamume, ya chini, safi, kama inatoka ndani ya sikio la mtu:

"Kibibi chenyewe kinatafuna maneno. Wangempa shuka tu akalale. Hawa walimu washamba, ukiwawekea kinachong'aa wanaridhika."

Safu nzima ya wazee iligeuka. Hapakuwa na mtu nyuma yao. Kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo bustani tupu.

Mwalimu mzee alisimama. Hakuhitaji kipaza sauti, kwa sababu sasa hakuna aliyepumua.

"Nani amesema nikalale?"

Upande wa pili wa ukumbi, mbunifu alikuwa bado ameegemea kioo chake, anacheka na rafiki yake, hajui kilichotokea. Mama Makofi akainuka. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, lakini ile nyingine ilijua vizuri pa kwenda.

"Ni yule pale, Mwalimu. Mwenye koti la krimu, aliyeegemea ukuta. Amenong'ona huko, ukuta umekuletea huku. Ndivyo alivyoubuni."

Nyuso mia tatu zikamgeukia mbunifu. Jasho lilimchuruzika chini ya skafu. Akafungua mdomo kujitetea kwa sauti kubwa, na kuba ikaichukua ile sauti, ikaizungusha, ikaigeuza uji usioeleweka. Alijitetea kwa dakika nzima. Hadi leo hakuna anayejua alisema nini. Alipoona watu wameanza kucheka, akatoka, na viatu vyake vyeupe vikalia kwenye marumaru hatua kwa hatua mpaka mlangoni.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alikwenda stooni kwa Mama Makofi, na nyuma yake alikuwa mdogo mtu, amebeba michoro.

"Tumekosea," alisema mwenyekiti. "Tusaidie."

"Ninyi hamkukosea peke yenu," akajibu, akimtazama mdogo wake. "Huyu ni nani kwako?"

"Msimamizi wetu."

"Mwulize mimi ni nani kwake."

Mdogo mtu akaweka michoro chini. "Ni dada yangu. Wa kwanza. Ndiye aliyenibeba mgongoni." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nisamehe, dada."

"Nyanyua lile robota la pamba," akasema Mama Makofi. "Msamaha tutauongelea ukishatoka jasho."

Alifanya kazi wiki sita. Alifunga mbavu za mbao kuzunguka ukuta, zimeinama huku na huku, ili sauti ikose njia ya kutambaa. Juu kubani alitundika mapaneli ya mbao zenye matundu madogo, nyuma yake pamba ya mawe imevalishwa kitambaa. Akatandika zulia kwenye njia zote. Vioo vilivyobaki wazi aliviachia jua. Kila jioni kabla ya kufunga alipasua puto na kuhesabu. Sita zikawa nne. Nne zikawa mbili. Siku ya mwisho ilikuwa moja na nusu, na mdogo wake, vumbi la pamba kwenye nyusi, akapasua puto la pili kwa furaha tu.

"Usipoteze maputo," dada akamwambia, lakini hakukasirika.

Walipofungua upya hawakualika waheshimiwa. Mwenyekiti alimwomba mwalimu mzee asome hotuba yake yote, kurasa nne. Zilikuwa zinachosha, kusema kweli. Kurasa mbili zilikuwa majina ya walimu waliokwishafariki. Lakini kila jina lilifika kwenye safu ya mwisho likiwa zima, na watu waliolia walijua wanamlilia nani. Mama Makofi alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Mwalimu alipomaliza, Mama Makofi alimfuata, akamshika mkono, akataka kusema kuhusu ile namba ya simu ambayo hakuipiga. Akasema tu, "Nimechelewa, Mwalimu." Bibi akamjibu, "Ulikuwa unachelewa tangu darasa la nne," na wakacheka.

Mtu angedhani mbunifu alijificha. Watu wa aina yake hawajifichi. Baada ya miezi michache tangazo lake lilikuwa barabarani, yeye na skafu mpya, na wateja walipanga foleni, maana dunia haijapungukiwa na wanaopenda kung'arisha. Kisha akapata kazi ya jumba la mahakama, na huko wakamwekea sharti kwamba kila neno la shahidi lisikike.

Alikuja stooni mwenyewe, mchana, suruali nyeupe. Mama Makofi alimwonyesha ndoo ya plasta iliyopinduliwa. Akaitazama, akaikalia.

"Nataka unisaidie kidogo," akasema. "Kimyakimya. Kama mshauri wa ndani."

"Kimyakimya wewe huwezi. Tulikusikia."

Mbunifu akalamba midomo. "Basi unataka nini?"

"Kwenye mchoro. Pale kona ya chini ulipoandika jina lako, andika langu. Fundi wa sauti, na jina."

Alisitasita, akatoa kalamu, akaukunjua mchoro aliokuja nao juu ya magoti yake meupe. Kisha akakwama. Mwaka mzima walikuwa wamejuana, na hakuwahi kuuliza.

"Jina lako kamili nani?"

Mama Makofi akaketi mkabala naye, akaweka miwani, akamtajia herufi moja moja, polepole, kama anamsomea mtoto wa chekechea imla.